Aliyempa Shaka Sura

Mswahili akiitaja Albert Park ya Durban, kwa kawaida anazungumzia shida. Ni mtaa ulio pembeni mwa katikati ya jiji, karibu na bandari, wenye maghorofa yaliyojaa Wakongo, Warundi na Watanzania. Humu wamepita vijana waliotoka kwetu wakivizia meli ya kuzamia. Humu pia, Januari 2009, genge lilivamia jengo walimoishi wageni, na Mtanzania mmoja akawa miongoni mwa waliopoteza maisha. Mimi nimeufuata mtaa huu kwa ajili ya habari nyingine, kwa sababu hapa ndipo pazuri pa kuanzia kumtafuta mwigizaji Henry Cele, yule Shaka wa televisheni.

Kutoka kwenye bustani ya mtaa huu shika barabara ya Margaret Mncadi, iliyoitwa zamani Victoria Embankment, maji ya ghuba yakiwa mkono wako wa kulia. Ni ghuba hii hii waliyoingia Henry Fynn na Francis Farewell mwaka 1824, wakitamani pembe za ndovu, kabla ya kwenda kaskazini kuonana na Shaka, mfalme wa Wazulu. Farewell alipiga kambi mahali ambapo leo ni uwanja wenye jina lake, mbele ya jengo la Halmashauri ya Jiji. Ipite Halmashauri, vuka barabara, uko mbele ya Playhouse. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1935 likiwa sinema, katika jiji ambalo sheria na desturi zilimtenga Mwafrika na viti vya Wazungu. Mwaka 1986 likafunguliwa upya kuwa ukumbi wa maigizo, na mwaka huo huo shirika la utangazaji la SABC likaanza kuonyesha Shaka Zulu, tamthilia ya sehemu kumi iliyoongozwa na William C. Faure. Waingereza wenye majina makubwa waliletwa: Edward Fox akawa Farewell, Robert Powell akawa Fynn. Nafasi ya mfalme ilichukuliwa na mtu wa Durban hii hii.

Cele alizaliwa mwaka 1949, na KwaMashu, kitongoji cha kaskazini mwa jiji, humhesabu kuwa mtoto wake. Alianza kujulikana kwa mpira, akiwa golikipa na baadaye kocha. Kisha akaingia jukwaani na kumwigiza Shaka mbele ya watazamaji, kabla ya kamera kumfuata. Naamini siri iko hapo. Mtazame anapokaa kimya huku wenzake wakibishana: hapepesi macho, shingo imetulia, na anapofungua kinywa sauti inatoka chini kabisa kifuani. Waigizaji wengi wa wafalme hupiga kelele ili waogopwe. Cele hakuhitaji. Ni utulivu wa mtu aliyekwisha kuishi na nafasi hiyo jukwaani, akajua ni wapi mtazamaji hushusha pumzi na wapi huizuia.

Tamthilia yenyewe ina doa, na halifai kufichwa. Ilitoka huku Afrika Kusini ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya P. W. Botha, wakati wasanii wa dunia wakihimizwa kuisusia nchi hiyo. Iliyoitoa ni televisheni ya serikali ya kibaguzi. Wakosoaji, akiwemo mwanahistoria Carolyn Hamilton, wameuliza kwa nini utawala ule ulipenda habari za mfalme Mwafrika mwenye damu mikononi, zikisimuliwa kwa macho ya wageni Wazungu. Ni swali la haki. Hata hivyo, nikiitazama tena, naona Cele akiushinda mswada aliopewa. Walioiandika walitaka jitu la kutisha, naye akawapa mtu mwenye akili, mwenye uchungu wa mama yake Nandi.

Baada ya hapo aliigiza filamu kadhaa, na moja inatuhusu sana. Mwaka 1996 ilitoka The Ghost and the Darkness, habari za simba wawili waliokula vibarua wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898. Val Kilmer alikuwa Patterson, mhandisi wa daraja hilo, John Kani akawa Samuel, na Cele akawa Mahina, msimamizi mwenye nguvu anayeburutwa na simba mapema. Tsavo ni ya Kenya, lakini picha zilipigwa Afrika Kusini, hifadhi ya Songimvelo. Mwaka 2001 akarudi tena kuwa Shaka, katika Shaka Zulu: The Citadel. Alifariki Durban, Novemba 2007, akiwa na umri wa miaka 58.

Ukubwa wa kazi yake ulionekana hata baada ya kifo. Mwaka 2010, uwanja mpya wa ndege wa Durban ulipofunguliwa kwa jina la King Shaka, palisimamishwa sanamu ya Shaka akiwa na ng'ombe. Haikukaa. Walioipinga, wakiwemo wa ukoo wa kifalme, walisema anafanana na mchunga mifugo, na ikaondolewa baada ya wiki chache. Naona kivuli cha Cele katika ugomvi huo. Shaka halisi aliuawa mwaka 1828 bila kupigwa picha hata moja, na tangu 1986 watu wengi wanapomfikiria, uso wanaouona ni wa golikipa wa Durban.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu zetu wanaoishi Albert Park. KwaMashu si mbali, na wazee waliomwona Cele langoni na jukwaani bado wanapatikana. Wapigieni hodi, muwarekodi. Na tufanye vivyo hivyo huku nyumbani kwa ajili ya waigizaji wetu, Mzee Ojwang, aliyefariki mwaka 2015, na King Majuto aliyemfuata mwaka 2018, wakati wenzao wa jukwaani wangali wanakumbuka.