Jua, Miiba na Kamba ya Katani

Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, ni eneo kame lenye mito ya msimu. Mto ulipokauka, watu walichimba visima vifupi mchangani, wakafulia papo hapo. Nguo zilitandazwa juu ya miamba yenye joto au vichaka vya miiba, ambayo ilizishika upepo ulipovuma. Ua wa mnyaa uliepukwa, kwani utomvu wake huacha madoa na kuwasha ngozi.

Nyumbani, kamba ya katani ilifungwa kati ya miti miwili. Nguo za rangi ziligeuzwa ndani nje zisichujuke. Mvua za Oktoba hadi Desemba zilipokaza, nguo zilianikwa jikoni karibu na moto.

Hadi leo, jua ndilo linalokausha nguo za kaya nyingi hapa, bila gharama wala moshi.