Sega Saturn, Mashine ya Bongo Mbili

Zipo mashine zilizoshindwa kwa udhaifu. Sega Saturn ilielemewa na wingi wa nguvu zake. Mashine hii ya michezo ya video ilianza kuuzwa Japani tarehe 22 Novemba 1994, siku chache kabla ya PlayStation ya Sony. Ndani yake mlikuwa na prosesa kuu mbili za Hitachi, aina ya SH-2, kila moja ikipiga mapigo yapatayo milioni 28 kwa sekunde, mbali na nyingine mbili za kuchora picha.

Asomaye hesabu hizo atadhani ushindi ulikuwa wake. Lakini prosesa kuu zile zilikuwa na njia moja tu ya kuiendea kumbukumbu: moja ilipopita nyingine ilingoja, mfano wa wapishi wawili wenye kisu kimoja. Tena Saturn ilijenga maumbo kwa vipande vya pande nne, hali PlayStation ilitumia pembetatu. Mafundi wengi wa programu, wakibanwa na muda, waliiacha prosesa ya pili karibu bure. Sithubutu kuwaita wavivu. Kugawa kazi moja kwa bongo mbili ni jambo gumu hata leo.

Mei 1995 Sega ilitangaza Marekani bei ya dola 399. Sony wakajibu siku ile ile kwa 299.

Hata hivyo, katika michoro bapa Saturn haikuwa na haya. Mwaka 1997 Capcom iliitolea X-Men vs. Street Fighter, ikitumia katriji ya kumbukumbu ya megabaiti 4, na mchezaji aliweza kubadili mpiganaji katikati ya pambano. Nakala ya PlayStation haikuliweza hilo katika pambano la kawaida.