Ualimu wa Maandiko Matakatifu katika Nchi ya Abagusii

Kazi ya profesa wa Maandiko, yaani msomi anayewaandaa mapadri, wachungaji na walimu kuisoma Biblia kwa kuzingatia lugha zake za asili, historia yake na hali ya wasomaji wake, haikuchipuka ghafla vyuoni miongoni mwa Abagusii wa Kisii na Nyamira nchini Kenya, bali ilitokana na madarasa ya misheni. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911, nao Waadventista Wasabato, waliokuwa Gendia kando ya Ziwa Viktoria tangu 1906, wakaanzisha kituo cha Nyanchwa mwaka 1912. Mapigano ya Waingereza na Wajerumani mjini Kisii mnamo Septemba 1914 yaliivuruga kazi ya misheni hizo; ilipofufuliwa, uenezaji wake vijijini uliwategemea sana walimu wenyeji na makatekista, ambao ni walei waliofunzwa kuwafundisha wengine misingi ya imani.

Walimu hao walikuwa na vitabu vichache, kwa kuwa Agano Jipya la Ekegusii, lugha ya Abagusii, lilichapishwa mwaka 1948 na Biblia nzima mwaka 1988, hivyo kwa miongo mingi Mgusii asiyesoma lugha nyingine alilipokea Agano la Kale kwa kiasi kikubwa kupitia kinywa cha mwalimu wake. Kueleza kifungu kwa lugha ya wasikilizaji, huku kikilinganishwa na mila zao za ndoa, ukoo na matambiko, kulikuwa tayari ni ufafanuzi wa Maandiko, ingawa hakukuitwa taaluma.

Kuundwa kwa Jimbo Katoliki la Kisii mwaka 1960, chini ya Askofu Maurice Otunga, kuliimarisha uongozi wa Kiafrika, na baadaye vyuo vikuu vikafungua njia ya utafiti. Nehemiah Nyaundi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Moi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kuhusu Uadventista katika Gusii, ilhali Mary Getui, profesa wa masomo ya dini, alishiriki mwaka 2001 kuhariri mkusanyiko wa makala juu ya ufafanuzi wa Agano la Kale barani Afrika, uliotokana na kongamano la Nairobi la 1999.

Kwa hiyo profesa wa leo ni mrithi wa katekista, na seminari zinazowaandaa watumishi wa Kisii na Nyamira hazina budi kuitumia Biblia ya Ekegusii darasani na kuandika habari za walimu wa vijijini, maadamu wanaowakumbuka wangali hai.