Matabishi, nyongeza, na kabalagala ya sita

Wenzetu, leo tunaandika historia ya kitu kidogo: ile kabalagala ya sita anayokuongezea mama ukishalipia tano. Upande wa Kasindi tulizoea kuiita matabishi. Hapa Bwera wanasema nyongeza. Katikati ya hayo maneno mawili kuna mto Lhubiriha tu, na mpaka uliokubaliwa Brussels mwaka 1910, wazungu walipogawana nchi ya Wakonzo na Wanande ambao wanasikilizana lugha mpaka leo.

Matabishi ni neno la mbali. Limetoka kwa Wareno, mata-bicho, maana yake "ua mdudu", yaani kinywaji kidogo cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Kufika Kongo likawa bahashishi, na sokoni likawa nyongeza ya mteja. Na muhogo je? Unga wake ndio tunaukanda na ndizi ndogo zilizoiva kupata kabalagala, lakini asili yake ni Amerika. Wareno haohao waliuleta pwani ya Kongo miaka ya 1500. Neno na unga, vyote wageni kama sisi.

Tulipoanza kusaidia mama zetu kuuza barabarani, tulipiga hesabu tukaona matabishi ni hasara. Tukawaambia waache. Haikupita wiki, wateja wakahamia kwa jirani. Kumbe kabalagala zote zinafanana, bwana! Mtu anarudi pale anapojulikana.

Juni 2019 Ebola iliingia Kasese kutoka Kongo, na siku za soko zikasimamishwa. Machi 2020 ikaja korona, mpaka ukafungwa. Wapita njia wakaisha kabisa. Waliobaki ni wale wa matabishi: fundi baiskeli, vijana wa boda, mama wa nyanya. Walitufuata mpaka nyumbani, wananawa kwenye ndoo mlangoni, wananunua. Mama mmoja alifunga tano kwenye jani la ndizi na ile ya sita kwenye jani lake peke yake, mkono usiguse. Unga ulipopungua alizifanya ndogo, lakini ya sita hakuiondoa.

Sasa mafuta ya kukaangia yamepanda. Wauzaji wengine wanasema wazi hakuna nyongeza. Mama huyo anaikata ya sita nusu, anasema nusu nayo ni matabishi. Sisi tunasema afadhali apandishe bei kidogo, atoe nzima. Bado tunabishana naye.