Nani Alikuambia Kadi ya Mkono Haina Mashine?

Wasee, leo tuongee kuhusu karatasi.

Kuna maneno mawili ambayo sisi tunaotengeneza kadi hapa Kenya huyasikia kila msimu, iwe ni Februari ya wapendanao, iwe ni wakati wa kuwatakia watahiniwa heri, iwe ni Desemba. La kwanza: "Ah, hii si ya mkono, umekata na mashine." La pili: "Mia tatu? Kwani si ni karatasi tu?"

Ukiyatazama vizuri, maneno haya yanapingana. Wa kwanza anasema mashine ndiyo imefanya kazi, kwa hivyo usinilipishe jasho. Wa pili anasema hata kama jasho lipo, halina bei. Ila mwisho wa siku wanakubaliana kwa jambo moja: aliyekaa mezani na gundi vidoleni asilipwe. Mimi ni mmoja wa hao wa gundi vidoleni, na nimeamua kujibu kwa historia badala ya hasira.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Chukua karatasi ya manila. Weka juu yake kalibu, yaani chuma chembamba chenye makali kilichokunjwa umbo la ua, jani, moyo au kipepeo. Pitisha hivyo vyote katikati ya rola mbili, zungusha mkono wa mashine, na umbo linatoka safi. Ni kama vile mama anavyokata unga wa biskuti kwa mdomo wa kikombe, tofauti ni kwamba hapa ni karatasi. Baada ya hapo unapanga: ua kubwa chini, dogo juu, katikati yake vipande vidogo vya sponji yenye gundi ili tabaka moja lisilalie jingine na kadi ipate kivuli. Mashine inakata. Lakini nani anachagua rangi, nani anapima nafasi, nani anainua jani nusu milimita ili lisionekane limekufa? Hiyo si mashine, bana.

Sasa, ukitaka mkono mtupu kabisa, historia inaye. Anaitwa Mary Delany, mjane Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1700. Alipofika umri wa miaka 72 hivi ndipo alianza kukata maua kwa mkasi kutoka karatasi za rangi, kipande kwa kipande, akivibandika kimoja juu ya kingine kwenye karatasi nyeusi mpaka petali na mishipa ya majani ikaonekana. Aliacha mwaka 1782 macho yalipomwishia nguvu, akiwa amemaliza zaidi ya maua 900. Yamehifadhiwa British Museum, London, na hadi leo watu husimama wakashangaa ni karatasi kweli ama ni rangi.

Lakini sikiza. Mama Delany aliishi katika jamii ya matajiri na wenye vyeo. Hakuwa anauza maua yale. Hakuna aliyemngoja mlangoni na kumuuliza kama bei inapungua. Mkasi mtupu ulikuwa kazi ya mtu mwenye muda ambao haukuhitaji kulipa kodi ya nyumba. Kwa hivyo ukimwambia kijana wa Kayole au Bamburi kwamba kadi halisi ni ile isiyoguswa na mashine, unamwekea kipimo cha mtu ambaye hakuwa na biashara.

Hawa wa biashara walianzaje? Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Mwaka 1834, Joseph Addenbrooke, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Dobbs jijini London, anatajwa kuwa ndiye aliyegundua lesi ya karatasi. Wakati huo karatasi ilikuwa inagandamizwa kwenye bamba lenye nakshi ili michoro iinuke. Yeye akapitisha tupa juu ya zile sehemu zilizoinuka, zikalika, yakabaki matundu. Karatasi ikafanana na lesi ya kitambaa. Ona vizuri kilichotokea: umaridadi ambao leo tunauita wa kizamani, wa mkono, wa kimapenzi, ulizaliwa kiwandani, kwa chuma na tupa.

Jambo la pili lililobadilisha kila kitu ni posta. Hili watu wengi hawalijui. Kabla ya mwaka 1840, posta ya Uingereza ilitoza barua kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Ndio, walihesabu karatasi! Hata bahasha ilikuwa karatasi ya pili, na mara nyingi aliyepokea ndiye aliyelipa. Hebu fikiria kumtumia mpenzi wako kadi ya matabaka matano halafu yeye ndiye anaitishwa pesa, na kila tabaka linaongeza bili. Hayo mapenzi yangevunjikia mlangoni. Mwaka 1840 bei ikawa peni 1 kwa barua isiyozidi nusu wakia, popote iendapo ndani ya nchi, na stempu ikaingia. Marekani nayo ikaacha kuhesabu karatasi mwaka 1845 na kuanza kupima uzito, halafu mwaka 1847 ikatoa stempu zake za kwanza za nchi nzima.

Hapo ndipo kadi ya matabaka ilipata nafasi. Mradi ni nyepesi, weka tabaka unavyotaka. Sheria ya posta ilifanya kwa karatasi kile ambacho hakuna msanii angeweza kufanya peke yake.

Na mwaka huo huo wa 1847, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, msichana aitwaye Esther Howland alikuwa amemaliza masomo Mount Holyoke. Alikuwa na miaka 19 hivi. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia, na kupitia shughuli za baba, Esther akapata kadi ya mapenzi kutoka Uingereza, imejaa lesi ya karatasi na maua. Akaiangalia, akasema naweza kutengeneza bora kuliko hii. Si tunajua hiyo hisia?

Akamwomba baba aagize vifaa. Akatengeneza sampuli chache, kaka yake akazibeba katika safari yake ya mauzo. Esther alitarajia oda za dola 200. Kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000.

Hapo wengi wetu tungeanza kulia. Yeye aliita marafiki. Wakaweka meza nyumbani kwao na kugawana kazi: mmoja anakata picha, mwingine anaweka karatasi ya rangi chini, mwingine anabandika lesi, kadi inasonga kutoka mkono hadi mkono mpaka inakamilika, naye anakagua. Kazi ilipozidi, akawa anapakia sanduku lenye vifaa na sampuli moja, linapelekwa kwa mwanamke nyumbani kwake, kisha linarudishwa likiwa na kadi zilizokamilika. Miaka zaidi ya 60 kabla ya Henry Ford kupanga magari yake kwa mstari, wanawake wa Worcester walikuwa wanapanga mioyo kwa mstari.

Na sanaa yake ilikuwa nini? Matabaka. Aliweka karatasi nyembamba ya rangi ing'aayo chini ya lesi nyeupe ili rangi itokeze kwenye matundu. Alikunja vipande vya karatasi kama springi ndogo na kuviweka katikati ili tabaka la juu liinuke. Zile sponji zangu za gundi ni wajukuu wa springi za Esther. Nyuma ya kadi akagonga herufi ndogo nyekundu, H. Kadi za chini ziliuzwa senti 5 tu, zile za fahari zikapanda hadi madola.

Sasa jiulize: lesi yake ilitoka wapi? Uingereza, kiwandani. Vile vipicha vya rangi vya maua na malaika vilivyopamba kadi za karne ile? Vingi vilichapishwa Ujerumani kwa mawe ya kuchapia, vikainuliwa na kukatwa umbo kwa mashine, vikauzwa kwa karatasi nzima vikiwa vimeshikana kwa vijiti vidogo vya karatasi. Yani anayeitwa mama wa kadi za wapendanao Marekani alifanya kile kile ninachokejeliwa nacho: alichukua vipande vilivyokatwa na chuma, akavipa uhai kwa mkono. Na hakuna anayesimama makumbusho leo akisema, "Ah, hii si ya mkono."

Chuma chenyewe nacho hakikuanza kwa mapenzi. Kalibu za kukatia zilitumika sana karne hiyo katika viwanda vya viatu, kukata soli za ngozi zilingane. Na kule Brooklyn mwaka 1879, Robert Gair, aliyekuwa na kiwanda cha mifuko ya karatasi, aliona chuma kilichopaswa kukunja mifuko kimepandishwa kupita kiasi na kinaikata. Wengine wangetukana na kutupa mifuko. Yeye aliona kwamba makali ya urefu tofauti yanaweza kukata na kukunja kwa pigo moja, na boksi la kukunja likapatikana. Kwa hivyo ua ninalokata mezani ni ndugu wa soli ya kiatu na boksi la unga. Silionei haya. Napenda hata kulitaja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Esther aliuza biashara kwa George C. Whitney, mtu wa Worcester pia. Whitney akanunua mashine zake mwenyewe za lesi na za kuinua nakshi, akaacha kutegemea bidhaa za Uingereza, akawa mmoja wa wakubwa kabisa wa kadi Marekani. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 1942, wakati wa vita, karatasi ilipokuwa adimu. Esther alifariki mwaka 1904.

Kuna kitu kimoja kwenye hadithi hii kinachoniuma, na ndicho kilichonifanya niandike. Nyuma ya kadi kuna H. Wale wanawake waliopeleka mikono yao kila siku, waliobandika lesi bila kuichana, hawakugongewa herufi yoyote. Inasemekana walilipwa vizuri kwa wakati wao, na hilo nampongeza Esther. Lakini ukishika kadi ile leo, unamjua mwenye biashara, humjui aliyeibandika. Mkono ulipofichwa, ikawa rahisi mtu kuamini kwamba hakukuwa na mkono.

Na hapo ndipo tulipo sisi. Nimepima kwa simu: kadi yangu moja ya matabaka 5 hunichukua dakika 40. Kukata kwa mashine ni dakika 6. Hizo 34 nyingine ni macho, vidole na kupumua polepole. Vifaa hunigharimu shilingi 90. Ukiniambia kadi iwe 100 kwa sababu "mashine ndiyo imekata", unanilipa shilingi 10 kwa dakika 40. Hata mashine yenyewe inakula mafuta zaidi ya hapo.

Sisemi kila mtu anunue ya mia tatu. Kadi ya kuchapishwa ya River Road ina kazi yake, na wazazi wetu walizining'iniza kwenye uzi sebuleni kila Desemba na zikapendeza. Ninachosema ni kwamba unapochagua ya mkono, jua unalipia nini. Hulipii kutokuwepo kwa mashine. Unalipia dakika za mtu.

Na nyinyi wenzangu mnaotengeneza, mnaobandika maganda ya mgomba, mnaoweka vipande vya kitenge chini ya manila iliyokatwa: acheni kuficha mashine zenu kama mlizoiba. Onyesheni. Semeni "hii nimekata kwa mashine, nikapanga kwa mkono, dakika ni hizi." Na kama mko watu watatu kwenye meza moja, andikeni majina matatu nyuma ya kadi. Kalamu ya shilingi 20 inatosha. Esther alikuwa na akili ya biashara kuliko sisi wote, lakini kwa hili tunaweza kumshinda.

Mteja akigeuza kadi na kuuliza hawa ni akina nani, mwambie: hawa ndio mkono.