Safari ya Karema na Kiwanja Ambacho Hatukununua



Katika kitabu hiki cha miaka kumi, 2015 hadi 2025, wenzetu wameandika habari za hisa, za mikopo na za mfuko wa jamii. Sisi uongozi tumepewa kazi ya kuandika habari za Karema. Wapo waliosema ya nini kuyaandika, mambo yenyewe yana aibu kidogo. Tukasema hapana, yaandikwe. Kitabu cha kujisifu tu watoto wetu watakisoma wasipate cha kujifunza.

MWANZO WA WAZO

Mnajua kina mama wengi wa kikundi chetu wanauza dagaa na migebuka hapa Mpanda, na mali hiyo inatoka ziwani. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Hatulaumu. Samaki walikuwa wanapungua na kila mmoja alikuwa anaona. Lakini miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu bila rejesho. Daftari la mikopo likajaa majina ya wadaiwa. Mama ambaye hajawahi kulipa faini hata siku moja akaanza kukwepa kikao, ukimkuta njiani anageuza uso.

Basi katika kikao cha Juni mwenzetu mmoja akasimama. Akasema, "Jamani, wamefunga samaki, mchanga hawajaufunga. Kwa nini tusijenge vibanda vya wageni ufukweni?" Akatueleza kwamba kule Mahale, ambako ni hifadhi ya taifa tangu 1985, watalii wanatoka Ulaya, wanapanda ndege, wanapanda boti, wanakuja kuona sokwe, na usiku wanalala kwenye mabanda karibu na mchanga wa ziwa hili hili letu. TANAPA wenyewe wana mabanda pale Kasiha. Hapa kwetu wageni wanafika Sitalike kuangalia viboko wa mto Katuma, halafu wanarudi walikotoka. Na Karema bandari mpya ilikamilika mwaka 2022, kazi iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47. Akamaliza, "Mzungu analipa dola kulala mchangani, sisi tunaukanyaga bure!" Watu wakacheka, wakapiga makofi na vigelegele.

Haikupita wiki mbili akaja mtu na habari ya kiwanja. Hatutamtaja. Kiwanja kiko ufukweni kabisa, bei milioni tatu, na wanunuzi wengine eti wako njiani. Sisi viongozi watatu tukafungua sanduku, tukampa malipo ya awali shilingi laki nane. Katiba yetu inasema fedha yoyote inayozidi laki tano lazima ipigiwe kura na theluthi mbili ya wanachama. Sisi tulihesabu yale makofi kuwa ndiyo kura. Kiwanja chenyewe tulikuwa hatujakiona kwa macho.

SIKU TATU UFUKWENI

Mwishoni mwa Agosti tulikwenda kukiona, wanawake kumi na wawili. Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100, na vumbi lake mnalijua. Tulifikia kwa mwenyeji mmoja mwenye vibanda vya mabati na mabanzi, nyuma ya vilima vidogo vya mchanga vilivyoota majani. Ndani kuna kitanda, chandarua na ndoo ya maji, basi. Ukifungua mlango unaona ziwa, na ng'ambo huko ni milima ya Kongo.

Tuseme ukweli wetu wanawake. Sisi mama akilala nje ya nyumba yake ujue kuna msiba, au harusi, au anauguza hospitali. Kulala mahali kwa ajili ya kupumzika tu hatukukujua. Usiku wa kwanza hatukupata usingizi, tulikuwa tunasikiliza mawimbi na kuulizana nani kafunga kuku nyumbani. Asubuhi ya pili mwenzetu wa miaka 61 alikaa mchangani na kikombe cha chai alichopikiwa na mtu mwingine. Akasema tangu aolewe hajawahi kuamka asiwashe moto. Hatukumjibu, kila mtu alikuwa anafikiria yake. Hapo ndipo tulipoelewa mgeni analipia nini. Kitanda anacho kwake. Anacholipia ni ile asubuhi.

Kwa hiyo wazo la vibanda halikuwa baya. Ubaya ulikuwa mahali pengine.

WALIOLALA KAREMA KABLA YETU

Siku ya pili tulipanda kwenda misheni kuangalia mabaki ya ngome ya Wabelgiji, na mzee mmoja katekista akatueleza. Habari hii kila mtu wa Katavi aijue, maana Karema ni mahali pakubwa katika historia.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels, likaundwa Shirika la Kimataifa la Afrika. Walisema nia yao ni kuchunguza nchi na kukomesha utumwa. Baadaye dunia ikaona Leopold aliifanyia nini Kongo. Shirika hilo likamtuma Kapteni Ernest Cambier, akafika Karema Agosti 1879, akajenga kituo kwenye kilima kilichokuwa karibu na maji. Kutoka hapo mwaka 1883 Luteni Émile Storms alivuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala upande wa pili.

Ulipofanyika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 wakubwa wakagawana Afrika, na upande huu ukaangukia kwa Wajerumani. Leopold akawaachia kituo Mapadri Weupe mwaka 1885, ndiyo ikawa misheni ya Karema mpaka leo.

Kati ya wote waliokuja kama wageni pale, sisi kina mama tulimpenda mmoja, Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, nchi ya Mali, akakamatwa utumwani akiwa mtoto. Mapadri walimkomboa, wakampeleka kisiwa cha Malta akasoma udaktari. Akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuja mgeni, akaoa kwetu, akazikwa kwetu. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Sasa sikilizeni jambo lililotushtua. Tukamuuliza mzee, kama ngome ilijengwa karibu na maji, mbona sasa ziwa liko kule chini mbali, mpaka utembee? Mzee akasema, "Ngome haijahama, wanangu. Ziwa ndilo lililohama."

Ni kweli, na wataalamu wameandika. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina cha mita 1,470, lakini mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie. Zamani mlango ule uliziba kwa matope na majani, maji yakajaa. Stanley alipopita 1876 aliukuta bado umeziba. Miaka miwili mitatu baadaye ukazibuka, maji yakaenda kwa nguvu, na ziwa likashuka kiasi cha mita 10 katika muda usiofika miaka ishirini. Cambier alijenga wakati maji yamejaa. Waliomfuata wakajikuta wameachwa juu, na chini yao ardhi mpya ya mchanga na tope.

BIBI NA MWEMBE

Jioni tulikaa na bibi mmoja jirani wa vile vibanda. Tukamwonyesha kiwanja chetu kwa kidole, tukiwa na furaha. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pale? Pale mimi nimeogea."

Akatueleza kwamba ziwa hurudi kudai chake. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 maji yalipanda miaka kadhaa, yakafika juu kabisa 1964, yeye akiwa binti mdogo. Na juzi juzi tu, kati ya 2020 na 2024, yamepanda tena. Hili hata sisi tulilisikia redioni, jinsi mitaa ya Bujumbura na ya Uvira ilivyoingiliwa na maji watu wakahama. Akatupeleka tukaona mwembe uliokauka umesimama peke yake mchangani, mizizi nje. "Huu ulikuwa wa uani kwa shemeji yangu," akasema. "Nyumba ilikuwa hapo mnaposimama." Pale tuliposimama palikuwa na mchanga mtupu, laini, mzuri kwa kutazama.

Kesho yake tukaazima kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Hilo tulikuwa tumefundishwa kwenye semina ya bustani, tukadhani linahusu mchicha tu. Tukapima. Kiwanja chote kilikuwa ndani ya mita 60. Kona yake ya mbele ilikuwa hatua ishirini na tano tu kutoka kwenye maji. Hata kama ziwa lingetusamehe, sheria isingetusamehe. Tungejenga vibanda, tungekopeshana mabati, halafu tungebomolewa na mmoja kati ya wawili hao.

TULIVYOMALIZA

Turudi Mpanda sasa. Kikao cha Septemba kilikuwa kirefu kuliko vyote tangu 2015. Sisi viongozi watatu tulisimama mbele ya wanachama tukaeleza yote, bila kona. Mama mmoja alilia. Alisema mwezi Julai aliomba mkopo wa laki moja wa kumpeleka mtoto hospitali akaambiwa sanduku halina kitu, kumbe laki nane zimelala mchangani. Maneno hayo yalituuma, na yanatuuma hata leo tunapoandika.

Muuzaji alirudisha laki tano. Laki tatu hazikurudi. Kikao kikaamua viongozi watatu tulipe laki moja moja kutoka mifukoni mwetu, na tumelipa, la mwisho lililipwa Machi 2025. Kifungu cha kura sasa kimebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, na kila mwenye ufunguo kati ya wale watatu anakisoma kwa sauti kabla ya kufungua kufuli yake.

Wazo la wageni hatukulitupa. Yule bibi ana nyumba juu, upande wa kilima, mbali na ziwa kuliko kamba zetu zote. Vyumba viwili vilikuwa vimebomoka. Safari hii tulipiga kura, mikono ikahesabiwa, tukavikarabati kwa shilingi milioni moja na laki nne. Yeye anapata nusu ya mapato, kikundi nusu. Kutoka barazani unaona ufukwe wote, na mgeni anayetaka mchanga anashuka mwenyewe kwa miguu, jioni anarudi kulala pakavu. Tangu Februari 2025 wamelala walimu, wafanyabiashara wanaosubiri boti ya kwenda Kongo, na bwana na bibi harusi kutoka Sumbawanga waliosema watarudi. Mapato bado madogo, hatuwadanganyi. Lakini miezi ile ya kufunga ziwa mwaka huu, akina mama wanne wa dagaa walipata rejesho lao kwa kupika na kufua kwa zamu pale pale.

Kila mwaka sasa wanachama sita kwa kura wanalala Karema siku mbili bure. Anayekwenda haruhusiwi kuwasha moto, anapikiwa. Yule mama aliyelia kikaoni ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Ninyi mtakaoongoza kikundi hiki miaka kumi ijayo, tunawaomba jambo moja: mkiletewa kiwanja kizuri, kwanza mwulizeni mzee wa hapo maji yaliwahi kufika wapi.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote.
Mpanda, 2025.