Kuhara kwa Virusi vya Rota katika Wodi za Watoto za Kasese na Bwera

Kuhara, kwa maana ya kitabibu, ni kupata choo laini mno au cha majimaji mara 3 au zaidi katika saa 24. Mtoto mchanga anyonyaye maziwa ya mama peke yake hutolewa katika hesabu hiyo, kwa kuwa choo chake huwa laini na cha mara kwa mara bila ugonjwa wowote. Kuhara hugawanyika katika aina tatu: kuhara kwa ghafla kwa majimaji, kunakokwisha kabla ya siku 14, kuhara damu, na kuhara kwa muda mrefu, kunakofika siku 14 au kuzidi. Kuhara kwa virusi vya rota ni kwa aina ya kwanza. Kipindupindu pia kimo humo, na katika wilaya ya Kasese, Uganda, iliyopata milipuko ya kipindupindu mwaka 2015 na tena 2017, wauguzi hawana budi kuyakumbuka magonjwa yote mawili kwa pamoja.

Virusi vya rota vilitambuliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, Australia, katika vipande vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuhara. Urithi wake umegawanyika katika vipande 11, na vya kundi A ndivyo vinavyowaambukiza watoto wengi duniani. Hushambulia chembe zilizo kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo mdogo, yaani zile zinazofyonza chakula na maji, na hutoa protini inayochochea utumbo kumwaga maji. Hata hivyo njia ya kufyonza chumvi ikiwa pamoja na sukari haizibiki yote. Upenyo huo ndio unaoifanya dawa ya ORS, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, ifanye kazi hata mtoto akiwa bado anahara.

Tofauti kati ya virusi vya rota na kipindupindu inahitaji kuelezwa zaidi. Kipindupindu hufuata maji machafu, na kikizuiwa majini hupungua. Virusi vya rota hufuata mikono, vyombo, vitambaa na sakafu. Vichache tu vyatosha kuambukiza, na hukaa hai muda mrefu nje ya mwili. Kwa sababu hiyo hata watoto wa nchi zenye mabomba safi huambukizwa, karibu wote, kabla ya kutimiza miaka 5. Kinachotofautisha nchi na nchi ni idadi ya wanaokufa.

Dalili huanza siku 1 hadi 3 baada ya maambukizi. Kwa kawaida hutangulia kutapika na homa, kisha choo cha majimaji kisicho na damu kwa siku 3 hadi 8. Walio hatarini zaidi ni wa miezi 6 hadi 24. Maambukizi ya pili na ya tatu huwa mepesi kuliko ya kwanza, na chanjo imejengwa juu ya ukweli huo.

Upungufu wa maji mwilini hupimwa kwa macho na vidole, bila mashine. Muuguzi hufinya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, akaiachia na kutazama. Ikirudi papo hapo, mtoto hana upungufu wa kuonekana. Ikirudi polepole, naye akawa msumbufu, macho yamedidimia, akipewa kikombe anakirukia kwa kiu, ana upungufu kiasi. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, macho yamedidimia, naye amelegea au hawezi kunywa, ana upungufu mkali. Dalili mbili hutosha kumweka mtoto katika daraja. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali kipimo cha ngozi hudanganya: ngozi ya aliyekonda hurudi polepole hata maji yakiwa ya kutosha, na ya aliyevimba huweza kurudi upesi hata yakiwa yamepungua.

Tiba hufuata madaraja hayo, nayo huitwa Mpango A, B na C. Mpango A ni wa nyumbani: ORS baada ya kila choo, kunyonya na kula kama kawaida. Mpango B hufanyika kituoni, mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito katika saa 4. Mtoto wa kilo 8 hunyweshwa mililita 600, kwa kijiko au kikombe, na akitapika husubiriwa dakika 10 kisha huanzwa tena taratibu zaidi. Mpango C ni wa dripu, mililita 100 kwa kilo. Mtoto huyo wa kilo 8, akiwa chini ya mwaka mmoja, hupata mililita 240 katika saa ya kwanza na 560 katika saa 5 zinazofuata. Mshipa usipopatikana, mpira wa puani huchukua nafasi ya sindano. Katika mipango yote huongezwa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Mwenye utapiamlo mkali ana mpango wake, wenye maji ya aina nyingine na mwendo wa pole.

Katika yote hayo jina la kirusi halijatajwa, na si kwa kusahau. Mtoto hutibiwa kwa kiasi cha maji alichopoteza, chanzo kiwe virusi vya rota au vingine. Kipimo cha kinyesi kina kazi tatu nyingine: kuhesabu wagonjwa, kupima nguvu ya chanjo, na kumzuia tabibu asiandike antibiotiki isiyoua kirusi. Ya tatu ndiyo inayomgusa mtoto aliye kitandani.

Huduma ya kulaza watoto wilayani imo mikononi mwa hospitali za namna mbalimbali. Bwera ni ya serikali, karibu na mpaka wa Mpondwe, na hupokea pia watoto kutoka upande wa Kongo. Kagando ni ya Kanisa la Uganda. Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, ilianza kama hospitali ya mgodi wa shaba, na mafuriko ya mto huo yaliiharibu mwaka 2013 na 2020. Chini ya hospitali hizo vipo vituo vya afya vya daraja la II, III na IV. Anayetoka miteremko ya Rwenzori hupita kwanza huko, au dukani kwa muuza dawa, hivyo afikapo wodini huwa ameshakunywa kitu, na kitu hicho ni sehemu ya data.

Uchunguzi wa huduma hii una aina kuu tatu. Ufuatiliaji wa kudumu huhesabu waliolazwa na waliothibitishwa. Ukaguzi wa huduma hulinganisha jalada na mwongozo: je, uzito uliandikwa, daraja la upungufu lilitajwa, zinki ilitolewa? Utafiti wa chanjo huwalinganisha watoto wanaohara wenye virusi vya rota na wanaohara wasio navyo, kwa kuuliza ni wangapi kila upande walichanjwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba pande zote mbili zimefika hospitali ileile, kwa miguu au kwa bodaboda zilezile, kwa hiyo umbali hauwapotoshi sana. Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa alama za Vesikari, 0 hadi 20. Kuanzia 11 ni mkali.

Uganda iliingiza chanjo ya rota katika ratiba ya taifa mwaka 2018. Ni matone ya mdomoni, katika wiki ya 6 na ya 10. Jaribio lililotangazwa mwaka 2010 lilionyesha kinga dhidi ya ugonjwa mkali ya asilimia 77 Afrika Kusini na 49 Malawi, chini ya ile ya nchi tajiri. Asilimia ndogo penye wagonjwa wengi huweza kuokoa watoto wengi kuliko kubwa penye wachache. Wanaoidharau chanjo kwa tarakimu hiyo wameisoma nusu. Uthibitisho wa kuchanjwa, wodini, ni kadi ya mtoto. Kauli ya mama huandikwa kando, isichanganywe na kadi.

Katika hesabu za wodi, aliyeanza kuhara zaidi ya saa 48 baada ya kulazwa kwa ugonjwa mwingine huhesabiwa kuwa ameambukizwa hospitalini. Matokeo huandikwa kwa makundi manne: aliyeruhusiwa, aliyepewa rufaa, aliyefariki, na aliyeondoka bila kuaga. Kundi la nne ndilo gumu kuainisha: baadhi walipona, baadhi waliishiwa na fedha za chakula, na wengine walivuka mpaka kurudi kwao.